UZI: Kamati za mitaa za Sudan, harakati isiyo na mwenyekiti imesimamaje mpaka leo?

Kahawa Chungu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kila vijana wakiingia barabarani kwenye hizi nchi zetu swali la kwanza humu ndani ni nani kiongozi wao, nani yuko nyuma yao, nani kawapa hela. Usalama wa Sudan nao walimtafuta sana huyo mtu na hawakumpata manake hakuwepo, na rais wao Bashir aliyeingia kwa mapinduzi 1989 akang'oka Aprili 11, 2019. Nataka tujadili hao watu walijipangaje. Mi nipo Kampala, mtaa wangu umejaa Wasudani waliokimbia vita na baadhi yao walikuwa ndani ya hizo kamati, so mengine nimeyasoma na mengine nimeyachota barazani kwao kwenye ile kahawa yao ya tangawizi.

Wenyewe wanaziita lijan al-muqawama, kamati za mitaa za kupinga udikteta. Mizizi yake inarudi Septemba 2013, serikali ilipoondoa ruzuku ya mafuta watu wakaandamana na zaidi ya mia wakauawa kwa risasi. Jirani yangu mmoja ananiambia shida yao mwaka ule ilikuwa moja, watu walikutana katikati ya mji hawajuani, mwenzako akibebwa hata hujui kwao wapi ukamwambie mama yake. Ndo wakarudi mitaani kwao. Kikundi kidogo, watu waliosoma shule moja, wanaocheza mpira uwanja mmoja, mtoto wa fulani na fulani. Hakuna kadi wala ofisi.

Sasa twende Desemba 2018. Mkate ukapanda kutoka pauni 1 mpaka 3, Desemba 19 watu wa Atbara (huu ni mji wa reli, una historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi) wakatoka wakachoma ofisi ya chama tawala, moto ukasambaa nchi nzima. Kulikuwa na muungano wa madaktari, walimu, wanasheria na wengineo, huo ndo ulikuwa unatangaza kwenye Facebook siku na sehemu ya kuandamana, na saa ilikuwa saa saba mchana. Lakini tangazo halitembei lenyewe jamani. Kwenye mtaa kama Burri kule Khartoum ni kamati ndo ilijua uchochoro upi unatokea wapi, nyumba ipi ina geti linaloachwa wazi mtu akikimbizwa, nani ni nesi. Huyo jirani anasema saa saba kasoro barabara inakuwa tupu kabisa unaona paka tu, ikifika saa saba mwanamke mmoja anapiga kigelegele dirishani, milango inafunguka kila upande.

Aprili 6 wakaenda kukaa mbele ya makao makuu ya jeshi, tarehe hiyo hawakuiokota, ndo siku rais wao wa zamani Nimeiri alipoangushwa 1985. Siku tano baadae Bashir kwisha. Majenerali wakabaki wanang'ang'ania, Juni 3, mwisho wa Ramadhani, wakavamia kambi ya waandamanaji wakaua watu zaidi ya mia na intaneti ikazimwa nchi nzima. Kila mtu alijua yameisha. Juni 30, intaneti bado imezimwa, wakajaa barabarani malaki kwa malaki! Walitumia vipeperushi, meseji za kawaida za simu, maandishi ukutani, vikao vya jioni kwenye viwanja vya mtaa. Majenerali wakarudi mezani na Agosti ikasainiwa serikali ya mseto.

Hoja yangu ni kwamba wengi tunadhani mtandao wa wanaharakati ni grupu la watsap lenye watu mia tano. Wale walikuwa na mtandao kabla ya bando. Karibuni tupigane spana.

Nyundo ya Mbao

Mkuu uzi mzuri na umeandika vizuri ila umeruka mwisho wa filamu. Oktoba 25, 2021 Burhan, mkuu wa jeshi, akapindua, Aprili 15, 2023 yeye na Hemedti, mkuu wa kikosi cha wapiganaji cha RSF, wakaanza kupigana, leo Khartoum magofu, mamilioni wamekimbia wakiwemo hao majirani zako unaokunywa nao kahawa. Harakati isiyo na kichwa iliangusha mzee mmoja ikashindwa kushika nchi, wenye bunduki wakaokota. Sasa tujifunze nini hapo, namna ya kupoteza nchi?

mtu_wa_eastlands

Maze uzi moto. Mimi niko Nairobi na hii story ya Sudan naiskia kabisa juu sisi 2024 tulikuwa tunasema hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila. Juni 18 watu wakaingia tao kwa sababu ya Muswada wa Fedha, Juni 25 bunge likaingiliwa, kesho yake Juni 26 Ruto akasema hasaini. Hiyo ni wiki moja na siku kidogo wasee!! Hakuna chama ya upinzani imewahi fanya hiyo kitu. Watu walikuwa wanatafsiri muswada kwa Kikuyu, Kijaluo, Kikamba na Kiswahili kwa TikTok, wengine wanachanga hela za hospitali, mawakili wanatoa namba zao bure ukishikwa, na yote hakuna mtu alitumwa na mtu.

Lakini nikubaliane na Nyundo kidogo. Julai ikafika, barabarani wakaingizwa magoons wa kulipwa wanapora maduka ndio Mkenya wa kawaida aogope maandamano. Na hapo ndio uliona tofauti ya mtaa na mtaa. Kwenye tulikuwa tunajuana, kama kule Mathare ambako kituo cha haki ya jamii kimekuwa kikifanya kazi ya kuandika mauaji ya polisi tangu miaka ya 2010, goon anajulikana mara moja, huyu si wa hapa. Kwenye ilikuwa ni watu wamekutana kwa hashitegi pekee yake, nani angejua nani ni nani? Alafu ikifika jioni kila mtu anapanda matatu anaenda kwao na muungano umeisha hivyo.

Kahawa Chungu

Nyundo ya Mbao, swali zuri na sitalikwepa. Ila tuwe wakweli, nani alifeli kwanza? Waliokaa mezani na majenerali 2019 ni vyama na wanasiasa wenye vichwa vyao vyote, tena wanajulikana kwa majina na suti. Kamati nyingi zilikuwa zinasema tangu mwanzo usigawane madaraka na waliotoka kuua watu Juni 3. Baada ya mapinduzi ya 2021 wakatoka na kauli yao ya hapana tatu, hapana mazungumzo, hapana ubia, hapana uhalali. Wakawa wanatoa ratiba ya maandamano ya mwezi mzima, mtaa kwa mtaa, na waliuawa watu zaidi ya mia kwenye hayo maandamano. Wanasiasa wao Desemba 2022 wakaenda kusaini makubaliano mengine na majenerali walewale. Miezi minne mbele, vita.

Na kingine, kutokuwa na mwenyekiti si kutokuwa na mpangilio, hapa ndo watu wengi wanachanganya. Kamati ya mtaa ilikuwa na watu wa uwanjani, watu wa habari, watu wa huduma. Juu yake kuna uratibu wa eneo, tansiqiya, mitaa kadhaa inapeleka wajumbe. Mjumbe anabeba alichoambiwa na mtaa, hana ruhusa ya kuamua kichwani kwake, akija na jipya anarudi nalo kwao kwanza. Ukimkamata huyo mjumbe umekamata posta tu, barua zinapita kwa mwingine.

Bi Mwanaisha wa Raskazone

Wanangu hamjambo. Mnazungumza kamati kamati kama zilikuwa za wanaume watupu, mnanishangaza. Kulikuwa na grupu la Facebook la wanawake peke yao Sudan, Minbar Chat, lilianza kwa umbeya wa kawaida kabisa, msichana anaweka picha ya mchumba kuuliza jamani huyu hana mke mahali? Wakawa mabingwa wa kuchimba. Maandamano yalipoanza wakahamishia ujuzi huo kwa watu wa usalama waliokuwa wanapiga watu huku wamevaa kiraia. Picha inawekwa, muda si muda jina linatoka, mtaa anaokaa, mama yake ni nani. Wengine ikabidi wajifunike nyuso. Msidharau umbeya!

Na hao kina mama wauza chai wa Khartoum waliopika pale mbele ya makao makuu ya jeshi, bila wao nani angekaa pale usiku na mchana karibu miezi miwili? Nyie vijana mkipanga harakati mnaanza na nembo na tisheti, chakula mnakikumbuka saa nane mchana.

mtu_wa_eastlands

Bi Mwanaisha shikamoo mama. Umetumaliza 😂

Ila hiyo ya picha ni hatari pia, wakikosea mtu? Unaweka uso wa mtu msafi online na umati unaenda kwao.

Bi Mwanaisha wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Ndio hatari yake hiyo, na sikusema ni jambo la kuiga bila akili. Ndiyo maana nasema mtaa unaojuana ni bora kuliko picha, mtaani mtu anasema huyo nimemzaa mimi, au huyo simjui.

Mwana wa Volkano

Jambo bote. Miye niko mutu wa Goma, munasema mambo ya Sudan na Kenya lakini siye hapa Congo tuko na LUCHA, harakati ya vijana, tangu 2012. Haikuanza na siasa ya Kinshasa, ilianza na maji. Goma iko pembeni ya ziwa, ziwa kubwa, na mama na batoto banatembea na bido kichwani kutafuta maji ya kunywa, njo vile vijana baliuliza, hii maji iko pale, kwa nini haifike? Kazi, barabara, maji. Kisha njo mutu anaelewa kama swali ya maji inaenda paka kwa rais.

Hakuna prezidenti wa LUCHA. Serikali ilikuwa inauliza munipe karatasi ya kuandikisha, chama chenu nani anakisimamia, balikataa kujiandikisha kama ONG, shirika lisilo la serikali, kwa sababu ukijiandikisha unakuwa na bosi mwenye anaitwa ofisini. Feza ni ya kuchanga benyewe. Polisi ikikuja wanakaa chini kwenye barabara, hawakimbie, hawatupe jiwe. Februari 16, 2016 ilikuwa siku ya mji mfu, watu wafunge maduka kwa kukataa rais Kabila aendelee kutawala, sita balikamatwa wakitayarisha bitambaa vya kuandika maneno, balifungwa gereza miezi sita. Mmoja ni Rebecca Kabugho, alikuwa msichana mudogo tu. Na ndani ya gereza wengine, inje wengine banaendelea, kazi haikusimama hata siku moja.

Agosti ya ule mwaka Kabila mwenyewe akikuja Goma watu wa LUCHA baliketi naye, mwenzetu Luc Nkulula alikuwa pale. Luc alikufa na moto mu nyumba yake usiku, Juni 2018. Siye hatujasahau.

Lakini niseme ukweli, kuwa bila kichwa haikuzuie watu kuuliwa. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23 na wenye wanasema sana wamekimbia ao wamejificha. Kitu moja tu imesaidia, kwa sababu kila mji ulikuwa na kikundi chake, Beni, Bukavu, Kinshasa, Goma ikinyamaza wengine wako na sauti.

Nyundo ya Mbao

Mwana wa Volkano pole sana ndugu, heshima kwenu.

Narudi kwa mtoa mada. Hiyo ya mjumbe kurudi mtaani kila akisikia jipya ndo ugonjwa wenyewe. Kamati za Khartoum zilitoa mkataba wao wa madaraka ya wananchi Februari 2022, kamati za mikoani nazo zikawa na rasimu yao, ikaanza kazi ya kuunganisha, kujadili kila mtaa, marekebisho, tena kujadili. Mkataba mzuri nimeusoma tafsiri yake, unaanzia mabaraza ya mitaa unapanda juu mpaka bunge. Ila ilichukua mwaka! Burhan alikuwa hasubiri kikao cha mtaa. Na nyie Wakenya vilevile, Ruto aliposema njooni tuongee mkasema hatuna wa kumtuma, tukiongea tunanunuliwa. Sawa. Mwezi mmoja baadae watu wa Raila wakaingia kwenye baraza la mawaziri. Kiti hakikai wazi, usipokaa wewe atakaa mwingine.

mtu_wa_eastlands

Hiyo imeuma lakini ni ukweli. Ingawa mimi naona hata tungetuma watu wangemezwa tu, tumeona hiyo sinema mara ngapi? Shida si kutuma ama kutotuma. Shida ni hatukuwa na mahali pa kuulizana nani atumwe na aseme nini. Spaces, ile mijadala ya sauti ya X (Twitter), ya watu laki moja si mkutano, ni redio.

Kahawa Chungu

"Spaces si mkutano, ni redio", hii naiweka pembeni.

Nyundo uko sahihi kuhusu mwaka mzima wa mkataba, hata hao jamaa zangu wa kahawa wanagombana juu ya hilo mpaka leo, mmoja anasema tulikuwa tunaandika katiba nyumba inaungua, mwenzake anasema kama tungewaachia watu watano waandike wangekuwa tayari wanasiasa. Mi naegemea kwa wa kwanza kidogo. Mambo ya haraka, kama tunatoka lini au tunafunga barabara ipi, hayo mtaa uliamua wenyewe usiku mmoja na yaliwaendea vizuri. Mambo ya nchi nzima hawakuwahi kukubaliana nani anaamua na kwa muda gani, na hapo generali anakupita kama bodaboda.

Lakini usiseme kamati ziliishia kuwa magofu. Aprili 2023 vita inaanza, serikali imekimbilia Port Sudan, mashirika makubwa yamefunga ofisi, nani alibaki? Vijana walewale. Kwa siku chache tu wakageuza kamati kuwa vyumba vya dharura, wenyewe wanaita ghuraf al-tawari. Kuzika maiti zilizolala barabarani, kutafuta njia salama ya kuwatoa watu, kufufua zahanati, na majiko ya mtaa yanaitwa takaya, sufuria kubwa la dengu au maharage kwa mtaa mzima. Wasudani wana mila yao ya nafir, kazi ya pamoja, Wapare wa humu mtaijua kwa msaragambo. Mafuriko ya 2013 vijana walishafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo hawakujifunzia vitani.

Na hela inatumwaje wakati benki zimefungwa? Kuna apu ya simu ya benki moja, Bankak, ndugu aliyeko Jeddah au Doha anaweka upande wake, jikoni wanalipa muuza unga kwa apu hiyohiyo. Mtandao wa simu ukikatika, mtu mwenye dishi la Starlink anauza dakika. Kila jiko linapiga picha risiti na sufuria linatuma kwa waliochangia. 2025 hivi vyumba vimepewa tuzo ya Rafto kule Norway na ile ya Right Livelihood ya Sweden, sio kwamba tuzo inashibisha mtu.

Chanda cha Kariakoo

Mkuu hapo kwenye hela ndo kwenye mtego. Hao hao si walikuwa wanapokea hela za Wamarekani?

Kahawa Chungu

Ndiyo, baadhi. Na mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada majiko mengi ya Khartoum yalizimwa ndani ya siku chache, watu wakalala njaa. Yaliyobaki yalikuwa yale yanayokula michango ya ndugu walioko Ghuba na Ulaya. Alafu pande zote mbili za vita zinawatesa kwa sababu hiyohiyo, jeshi linawaita vibaraka wa Hemedti, wapiganaji wa Hemedti wanawaita majasusi wa jeshi, wapishi wa uji wanakamatwa! Tena kuna waliokuwa kwenye kamati wakaamua kushika bunduki upande wa jeshi, huo mpasuko upo na unauma.

Chanda cha Kariakoo

Aisee. Mi nina swali la kijinga. Sisi huku kwetu Tanzania intaneti ilizimwa Oktoba 29, 2025 siku ya uchaguzi, sote tulikuwepo. Siku hizo nilichogundua simjui jirani wa mlango wa pili. Simjui jina. Namba za simu ninazo mia nne na hakuna hata moja ya mtu wa mtaani kwangu. Sasa huku Mbagala maji hayatoki wiki ya tatu, boza linauzwa kwa bei ya kuumiza na mtu wa bomba kila siku anasema kesho. Siongelei siasa. Mtu anaanzia wapi?

Mwana wa Volkano

Unaanzia pale pale kwa maji ndugu yangu. Lakini usiende ofisini peke yako, ukienda mutu mmoja wanakuandika jina. Endeni kumi, na mama wawe mbele na bido zao tupu.

Bi Mwanaisha wa Raskazone

Kabla ya ofisi, mwanangu, pita nyumba kwa nyumba mchana ambapo kina mama wapo. Uliza kila nyumba inanunua ndoo ngapi na kwa shilingi ngapi, andika. Ukimaliza una hesabu ya mtaa mzima, na umeshajua majina. Usianze kwa kusema unaunda kamati, watakukimbia.

mtu_wa_eastlands

Na usifungue grupu ya watsap siku ya kwanza bro. Ukifungua utapata "good morning" na matangazo ya viatu, na admin ni wewe, wakikuja kutafuta mtu wanatafuta admin.

Nyundo ya Mbao

Mi mpinzani wa uzi huu ila hapa nachangia. Hela ya nauli na fotokopi mchange wenyewe mia mbili mia tano, daftari lishikwe na mtu mmoja, hela mwingine, na kila Jumapili isomwe mbele ya watu. Vikundi vingi vya mtaani nilivyoona vimekufa, vimekufia kwenye elfu kumi na tano isiyojulikana ilipo, sio kwa polisi. Na mpeane zamu ya kuongea na ofisi. Wiki hii wewe, wiki ijayo mama wa genge. Akizoeleka mmoja watampa kazi ya kibarua pale idarani na maji hamtayaona.

Kahawa Chungu

Nyundo unasema unapinga uzi huku umemaliza kuandika kamati ya Burri neno kwa neno 😂

Chanda, ukishapata hiyo hesabu ya ndoo iweke hapa, na bei ya boza pia, kuna watu wa Tandika na Gongo la Mboto humu naona wanapita kimya kimya, nao waweke zao.